Swali la Pili

Hotuba hii niliitoa jioni moja kwa vijana waliokusanyika Ngamiani, Tanga. Nimeiandika kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kukaa, na kwa walioniomba nirudie yale ya treni.

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliojaa mpaka barazani: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na aliyebaki, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie uchangamfu. Aliyeniita alisema, "Mama, wafundishe vijana wetu kujichanganya." Nimeitika, ila nimekuja na jambo dogo kuliko hilo. Sikuja kumgeuza mtu mpole awe mcheshi. Nimekuja kusema kwamba sisi watu wa mwambao tumeachiwa na wazee wetu ruhusa ya kumsemesha mtu yeyote, na siku hizi ruhusa hiyo tunaitumia nusu. Tunasalimia, tunaitikiwa, kisha tunanyamaza. Kinachotushinda ni swali la pili.

Fikirini safari ya daladala kutoka hapa kwenda stendi ya Kange. Unapanda, unasema "habari zenu," na watu wasiokujua wanakujibu "nzuri." Hapo umeshafanya jambo ambalo katika treni za miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wengi hawathubutu kulifanya. Unakaa bega kwa bega na mama mwenye kapu la ndizi miguuni. Anasogeza kapu ili upate pa kuweka miguu, unasema ahsante, anasema haya. Unatoa simu. Naye anatoa yake. Mnafika Kange hujui ndizi zile zimetoka Amani au Lushoto, wala yeye hajui kwamba unakwenda kumpokea mdogo wako aliyefaulu.

Sasa nisikilizeni kuhusu treni hizo. Mwaka 2014 watafiti wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walichapisha kazi waliyoifanya kwa abiria wa treni na mabasi ya Chicago, Marekani. Abiria wengine waliombwa wamsemeshe mtu wasiyemjua aliyekaa karibu nao. Wengine waliombwa wakae peke yao kimya. Wengine waliambiwa wasafiri kama walivyozoea. Mwisho wa safari kila mmoja akaulizwa safari ilikuwaje, na waliozungumza ndio walioifurahia zaidi kuliko waliokaa kimya. Kisha wakachukuliwa abiria wengine kabisa, wakaulizwa wabashiri tu: ipi ingekuwa safari nzuri? Hao wakasema safari nzuri ni ya kukaa kimya. Walibashiri kinyume. Walidhani pia kwamba abiria walio tayari kusemeshwa hawafiki nusu, na hali katika wale waliojaribu hakuna aliyeripoti kwamba alikataliwa. Baadaye kazi hiyo ilirudiwa kwenye treni za London, ambako watu wanasifika kwa kutoangaliana usoni, na kilichoonekana ni kwamba hofu kubwa iko kwenye kuanza. Watu wakishaanza, mazungumzo yanakwenda vizuri kuliko walivyotarajia.

Mimi nikisoma haya naumia kidogo. Behewa zima limejaa watu wanaoweza kufurahishana, na kila mmoja amekaa kimya kwa sababu anadhani jirani yake hataki. Hakuna aliyewakataza. Wamekatazwa na dhana.

Na dhana hiyo haiishi mkishazungumza. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti mwingine. Waliwakutanisha watu wasiojuana, wakawaacha wazungumze, kisha wakamuuliza kila mmoja pembeni: umempenda vipi mwenzako, na unadhani yeye amekupenda vipi? Ilionekana watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Kila mmoja anaondoka akihesabu alipokosea, alipocheka vibaya, alipokosa neno. Mwenzake hana hata habari na hayo, yeye anahesabu ya kwake. Waliwafuatilia pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopangiwa malazi pamoja, na pengo hilo likaendelea kwa miezi. Ninyi mnaokwenda vyuoni Oktoba, naomba mlikumbuke hili utakapolala chumba kimoja na mtu wa Kagera au wa Mtwara na ukaona kama hakutaki. Pengine naye kalala anafikiri wewe ndiye humtaki.

Wazee hapa mbele najua wanasema moyoni: haya yote ya nini, sisi tulikuwa tunazungumza tu. Ni kweli, na ningependa vijana wajue ilikuwaje, maana haikutokea yenyewe.

Mji huu umejazwa na wageni. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza hapahapa Tanga kuelekea Muheza, ukafika Moshi mwaka 1911. Miche ile ikawa mashamba, na mashamba yakataka mikono. Wakaja Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Warundi. Wakawakuta Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wasegeju, Waarabu na Wahindi. Mtu alishuka hana ndugu, hana kitanda, na Kiswahili chake bado kizito. Nani alimpokea?

Walimpokea watu aliowasemesha na waliomsemesha. Kulikuwa na vyama vya ngoma. Tanga hii ilikuwa moja ya ngome za beni, na vyama vya Marini na Arinoti vilishindana hapa kwa sare, bendi na nyimbo. Vijana wakisikia beni wanafikiri ni ngoma tu. Chama kilikuwa na vyeo, michango, na watu wa kukuzika ukifa ugenini. Ili uingie ilibidi uanze na mtu mmoja usiyemjua, ujitambulishe, useme umetoka wapi.

Kulikuwa na utani vilevile. Mtani hakuhitaji kukujua wewe, alihitaji kujua kabila lako tu, basi ameshapata pa kuanzia. Aliweza kukutania njiani, na msibani akawa na kazi yake maalumu. Nawaonya vijana, utani una mipaka na si kila mtu wa leo anaupenda, kwa hiyo usimrukie mtu na maneno ya kabila lake kabla hujamjua hali. Lakini tazameni akili iliyokuwamo: watu wa makabila zaidi ya 120 wameishi katika nchi moja, na mmoja akikutana na mwingine barabarani tayari kulikuwa na namna ya kuanza.

Na kulikuwa na kijiwe cha kahawa, ambacho Mungu ametuachia. Kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata bado kinakupa nafasi katika mazungumzo ya watu ambao hujawahi kuwaona. Hakuna atakayekuuliza umealikwa na nani. Unakaa kwenye benchi, unasikiliza, wakibishana habari za Simba na Yanga unatia neno lako. Natamani tu vijiwe hivi visingekuwa vya wanaume peke yao. Sisi wanawake tumejitafutia pa kwetu: saluni, bombani, foleni ya kliniki ya watoto, vikoba. Mimi nimejifunza mambo mengi ya malezi kwa mama aliyekuwa mbele yangu kwenye benchi la kliniki kuliko kwa karatasi niliyopewa dirishani. Mama yule sikumjua jina mpaka mtoto wangu alipoanza kutembea.

Nije kwenye kazi, maana najua ndiyo inayowauma wengi wenu.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika makala kuhusu watu wanaofahamiana kidogo. Alikuwa amewahoji wakazi wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi mpya kupitia mtu, akawauliza: mtu huyo aliyekupa habari mlikuwa mnaonana mara ngapi? Wengi tungedhani ni rafiki wa damu. Lakini waliosema walikuwa wakionana mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema walionana mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema ni nadra sana. Sababu yake si ngumu. Rafiki yako wa kijiweni anajua unachojua. Mmesoma pamoja, mnakaa pamoja, na tangazo la kazi likipita mmeliona au mmelikosa pamoja. Mtu wa mbali kidogo anaishi kwenye habari nyingine. Mwaka 2022 jambo hilo lilipimwa tena kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, na wanaofahamiana kidogo wakaonekana tena kuwa na msaada katika kuhamia kazi nyingine kuliko marafiki wa karibu kabisa.

Leteni hilo hapa kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Bandari imechimbwa kina na meli kubwa zinaingia. Pongwe kuna saruji. Wanaofanya kazi huko wanapanda daladala hizihizi, wananyoa vinyozi haohao, wanakula chipsi na mishikaki Barabara ya 8 kama wewe. Vijana wangapi hapa wamewahi kumuuliza mtu mwenye buti za kazi na fulana ya kung'aa, "kaka, kule mnafanya nini hasa?" Simaanishi umwombe kazi. Ukimwomba kazi dakika ya kwanza umemfunga mdomo, kwa sababu hana kazi ya kukupa na anaona aibu. Muulize kazi yake. Watu wanapenda kuulizwa kazi yao na mtu anayetaka kweli kujua. Ndipo utakaposikia kwamba wanahitajika waunganisha vyuma wenye cheti fulani, na kwamba cheti hicho kinasomewa VETA, chuo cha ufundi, na ukatoka hapo una jambo la kufanya kesho.

Na kama nia yako ni kumtumia tu, ataijua. Usijidanganye. Mtu husikia.

Sasa nifike kwenye swali lenyewe la pili, maana nimeliahidi.

Uko Soko la Mgandini. "Mama, shikamoo." "Marahaba, mwanangu." "Machungwa haya ya wapi?" "Ya Muheza." Wengi hapo wanauliza bei, wanalipa, wanaondoka. Hilo lilikuwa swali la kwanza na limeshajibiwa. Swali la pili linazaliwa ndani ya jibu: "Muheza sehemu gani? Mwaka huu mvua zimewaachia kitu?" Hapo mama anakaa vizuri. Atakwambia habari ya mvua, ya dalali anayenunua chungwa likiwa bado mtini, ya mwanawe aliyekataa shamba akaja kuendesha bodaboda. Hukuhitaji maneno matamu. Ulihitaji kusikiliza jibu na kulifuata.

Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake wa Harvard walichunguza mazungumzo ya watu wasiojuana, wakaona kwamba anayeuliza maswali zaidi hupendwa zaidi na mwenzake, hasa maswali yanayofuata jibu alilopewa. Hawakusema anayechekesha, wala anayejua mengi. Kwa hiyo ninyi wapole mliokaa nyuma, ambao mmeambiwa tangu utotoni kwamba hamjachangamka, mna silaha ambayo msemaji sana hana. Msemaji sana akiuliza "unatoka wapi?" hangoji jibu, anaanza kusimulia alikotoka yeye. Mkimya anasikia. Akisikia, ana swali. Msijilazimishe kupiga kelele. Mtu mmoja, kwa utulivu, yatosha.

Na pa kuanzia pako tele, mradi muanze na kitu mnachokiona wote wawili. Mvua. Foleni. Mtoto anayelia na mama yake kachoka. Kivuko kilichochelewa kule Pangani. Uwanja wa Mkwakwani ndio rahisi kuliko kote, maana Coastal Union wakifunga utakumbatiwa na mtu ambaye hujui hata anaitwa nani. Usimwache hivihivi baada ya goli. Kama ni mzee, muulize alikuwa wapi mwaka 1988 Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa. Nawahakikishia mtatoka uwanjani taa zimewaka na hajamaliza.

Lipo la hofu, na hili nataka nilisemee polepole.

Mabinti zangu, kila ninalosema leo linaanza na ruhusa yenu. Hulazimiki kumjibu kila anayekusemesha. Chagua mahali penye watu, mchana, na chagua mtu. Ukiona maswali yanageuka, unalala wapi, unaishi na nani, nipe namba, sema "samahani kaka, sipendi kujibu hilo," kisha sogea karibu na mama yeyote mtu mzima na umwamkie. Mama wa Tanga akiamkiwa hivyo na binti ataelewa bila kuambiwa. Na sisi kina mama tukiamkiwa hivyo tusitazame pembeni.

Ninyi wavulana, sikilizeni vizuri zaidi hapa. Salamu haina deni. Binti akikuitikia hajakuahidi lolote. Mmeharibu jambo zuri la mji huu kwa kufanya kila "mambo" kuwa mwanzo wa kuomba namba ya simu, na matokeo yake dada zenu wamejifunza kutembea wakiangalia chini na spika masikioni. Nimewaona. Wanafanya hivyo ili wafike nyumbani kwa amani. Msemeshe binti kama unavyomsemesha mzee wa kahawa, umwache aende zake, na ufanye hivyo mara nyingi, mpaka mtaa uamini kwamba kuna wavulana wanaosalimia na kuishia hapo.

Ya matapeli mnayajua. Kwenye basi la kwenda Dar usipokee soda wala biskuti ya mtu usiyemjua, hata awe amevaa kanzu nyeupe au amebeba Biblia. Usitaje una fedha kiasi gani wala unashukia wapi usiku. Kuzungumza na mtu si kumwamini. Unaweza kumpa mtu saa nzima ya maneno mazuri bila kumpa begi lako akushikie.

Na jueni pia kuacha. Mtu akikujibu neno mojamoja, akigeuzia uso dirishani, ana yake. Pengine anatoka hospitali ya Bombo kumwangalia mgonjwa. Mwambie "haya, safari njema," umwache na moyo wake. Hujakataliwa wewe. Umemkuta siku ambayo si yake.

Kama bado mnaogopa, kuna njia ambayo Gillian Sandstrom na wenzake waliijaribu, wakachapisha mwaka 2022. Waliwapa watu mchezo wa kutafuta: leo msemeshe mtu mwenye kofia, kesho mwenye viatu vya kupendeza, kila siku kwa wiki nzima. Mwisho wa wiki washiriki walikuwa hawaogopi kukataliwa kama mwanzo, na walijiamini zaidi, na hali hiyo ikaendelea mchezo ulipokwisha. Hawakufundishwa nadharia yoyote. Walizoea tu. Mnaweza kuufanya mchezo huo hapa kwa bei ya nauli.

Mwaka 2025 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyosema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vijana wamo kwa wingi. Nilipoisoma sikuwaza nchi za mbali. Niliwaza vyumba vya kupanga vya Mikanjuni na Makorora, kijana peke yake na feni, ametoka Kigoma au Singida, hajasikia mtu akimwita jina tangu Jumatatu. Ana simu iliyojaa watu. Jirani yake wa mlango wa pili anamwambia "mambo," anajibu "poa," milango inafungwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nimeshazungumza na mwenyekiti amekubali. Oktoba vyuo vitakapofunguliwa, wanafunzi wapya watashuka Kange na mabegi yao na magodoro, hawajui Chumbageni iko upande gani. Nataka vijana wa mtaa huu, wavulana na wasichana pamoja, wawili wawili, wawepo pale mchana. Kazi si kubeba mizigo kwa malipo, hiyo ina wenyewe na msiwaingilie riziki. Kazi ni kusalimia, kuonyesha daladala ya kupanda na nauli halali, na kuuliza mtu katokea wapi. Akisema Tukuyu, msimwambie "aah, mbali," mkanyamaza. Muulizeni basi liliondoka saa ngapi, walilala wapi njiani, na nani alimsindikiza stendi. Wanaotaka kuja, majina yanaandikwa kwa dada yule pale mlangoni mwenye daftari. Wengi wenu hamumjui. Anzeni naye.